Visahani Vitatu vya Mwalimu Abner wa Ikonge

Kitendawili!

Nasubiri. Itikia, hata kama uko peke yako jikoni na redio iko juu ya kabati. Tega, umesema. Haya, natega. Watatu ni wa nyumba moja, mlango wao ni mmoja, lakini kila mmoja huingia kwa siku yake. Ni nini?

Si mafiga, maana mafiga hayaendi popote. Si watoto wa shule, hao huingia wote pamoja na kelele zao. Si ng'ombe. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Keroka? Keroka naichukua, na soko lake na matope yake. Sasa nawajibu. Ni visahani vitatu vya Mwalimu Abner Machogu.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwalimu Abner Machogu wa Ikonge, wilaya ya Nyamira. Mwalimu wa shule ya msingi. Msabato. Mume wa Lorna Mong'ina, baba wa watoto wawili. Alifariki mwezi huu wa Julai, mwaka huu wa 1998, kwa malaria hii iliyotupandia huku milimani. Alizikwa Jumapili iliyopita, kando ya nyumba yake.

Habari zake nyingi tumezipata kwa mkewe, Lorna. Alizitoa kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kwa hivyo leo tutakaa karibu na Lorna.

Mwalimu Abner alicheza gofu ya visahani. Najua mtaniuliza, "Nyanya, hiyo ni nini?" Ni rahisi. Una kisahani cha plastiki. Si cha kulia chakula, ni cha kurusha. Mbali huko kuna mlingoti. Juu ya mlingoti imening'inia minyororo, na chini ya minyororo kuna kikapu. Unarusha kisahani kielekee huko. Unakifuata kilipoanguka, unarusha tena. Mwisho unasimama karibu na unakitia. Kikigonga minyororo kinatulia, kinaangukia kikapuni. Aliyetia kwa kurusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Basi, hakuna zaidi.

Mchezo huo aliuleta Mmarekani mmoja aliyekuja kujitolea kufundisha shule ya upili, mwaka wa 1991. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, akamwachia Abner visahani. Mlingoti hakuuacha, maana wake ulikuwa wa kuazima.

Abner akajitengenezea. Akakata mti wa mkaratusi. Juu akafunga rimu ya baiskeli. Chini akafunga kikapu kikuukuu cha kuchunia majani chai. Ikabaki minyororo. Akashuka Kisii mjini, kwenye duka la vipuri vya baiskeli la kijana anayeitwa Sagar, akamwambia anataka cheni kuukuu, zilizokatika, zozote.

"Mwalimu, kwani baiskeli yako imekata cheni ngapi?" Sagar akamuuliza.

"Sina baiskeli."

"Hana baiskeli, anataka cheni. Mama! Njoo uone mtu!"

Mama yake Sagar, Bi Indira, alikuwa nyuma ya kaunta anahesabu misumari. Hakuinua macho. "Mpe. Lakini kama ni za kufunga mbwa, mbwa huyo nisikutane naye."

Sagar akampa. Halafu akashindwa kulala kwa kutaka kujua. Jumapili iliyofuata alifunga duka mchana, akapanda milima mpaka Ikonge kwenda kuona cheni zake zimefanywa nini. Akazikuta zinaning'inia kwenye rimu, juu ya chai, zinalia kwa upepo. Akarusha mara moja, akakosa. Akarusha tena. Jioni ilibidi aambiwe aende kwao. Kuanzia hapo Jumapili zake zikawa za Ikonge. Jumamosi haikuwezekana. Jumamosi Abner alikuwa kanisani.

Majirani walicheka, wasikilizaji wapendwa. Kaka yake mkubwa, Mzee Zachariah, ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa anasimama kwenye njia na jembe begani. "Mtu mzima, mwalimu, anatupia chai sahani! Lorna, mpe huyu chakula, labda ni njaa."

Na Lorna anajibu kutoka jikoni, "Amekula, shemeji. Ndiyo shida yenyewe."

Sasa sikilizeni. Mwanzoni Abner alitumia kisahani kimoja kwa kila kitu. Karibu, mbali, jua, mvua, kimoja tu. Kilikuwa cheupe, laini, kinakunjika kidogo mkononi. Alikuwa anajisifia mbele ya watu. "Mimi ni Msabato. Mke mmoja, kisahani kimoja."

Lorna alimsikia siku hiyo akiwa anapepeta wimbi. Akamwambia, "Na mimi nina sufuria tatu. Siku nitakayokusongea ugali kwenye birika utanyamaza."

Watu wakacheka, Abner akacheka, lakini hakubadilika. Kilichombadilisha ni mteremko wa kwake mwenyewe.

Nyumba ya Abner iko juu. Chini ya nyumba kuna uwanja mdogo wa nyasi, hapo ndipo mlingoti ulipo. Nyuma ya mlingoti ardhi inashuka. Kwanza chai, halafu migomba, halafu kijito. Ukikosa, na kisahani kikaangukia ukingo wake, kinasimama kama gurudumu na kuondoka. Kinashuka chai, kinapita migomba, na wewe nyuma yake unapiga mbio na kuita Mungu. Wageni wote walicheka mtu akikimbia hivyo. Halafu zamu yao ikafika.

Krismasi ya 1993 walishindana Abner na Sagar mbele ya kijiji kizima. Wakafika mzunguko wa mwisho wakiwa sawa. Abner alikuwa karibu kabisa na mlingoti, hatua chache tu. Mtu angeweza kukiweka kwa mkono. Lakini upepo ulikuwa unapanda kutoka kijitoni, unampiga usoni. Akachukua kisahani chake kimoja, kile laini. Akakitupa taratibu. Upepo ukakiingia chini, ukakiinua kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kikapita juu ya rimu. Kikaanguka kwa ukingo. Kikaondoka.

Walikipata kijitoni. Sagar alikuwa ameshatia chake na ameshakula ndizi.

"Mwalimu, pole," Sagar akasema. "Mke mmoja nakubali. Kisahani kimoja hapana."

Wiki hiyo Abner alikaa na visahani vyote alivyoachiwa, akavikunja kimoja kimoja, akavipima kwa mkono, akavirusha asubuhi, akavirusha mvuani, akavirusha upepo ukivuma. Akabakiza vitatu. Na vitatu hivi ndivyo kitendawili chetu.

Cha kwanza ni kile cheupe. Ni laini. Kikigonga minyororo hakiruki nyuma, kinashikilia kama mtoto anavyoshika nguo ya mamake. Hicho ni cha karibu, pale ambapo umefika na upepo umelala. Akakiita cha karibu.

Cha pili ni chekundu. Ni kigumu, hakikunjiki, kizito kidogo. Upepo ukikipiga hakiinuki. Kinapita chini, kinakwenda kilikotumwa. Akakiita cha upepo.

Cha tatu kilikuwa cha kijani zamani. Sasa hakina rangi ya kutaja. Kimechubuka ukingo wote, kimelegea, ng'ombe alishakitafuna upande mmoja. Hakiendi mbali, wala hakiendi vizuri. Lakini kikianguka kinaanguka bapa, kama chapati juu ya meza, na pale kilipoanguka ndipo kinapobaki. Hakibingiriki. Hicho ni cha pale nyuma ya mlingoti kukiwa na mteremko. Akakiita cha mteremko.

Cha karibu. Cha upepo. Cha mteremko. Shikeni hivyo vitatu.

Watu wakajifunza. Sasa mtu akitaka kurusha, Abner hamwambii rusha hivi au hivi. Anamuuliza, "Ukikosa kitaenda wapi?" Mtu anatazama huko nyuma ya mlingoti, anarudi, anabadilisha kisahani. Osoro, jirani yake, anayeendesha lori la kuchukua chai, alisema hapo ndipo alipojifunza kuegesha lori.

Na Lorna? Lorna alicheza. Wengi hawakujua. Wakati wa mashindano alikuwa anapika na kugawa chai, wakamwona hivyo. Lakini jioni za siku za kazi, majani yakishapelekwa na watoto wakishaanza kusoma, walikuwa wanashuka wawili, yeye na Abner, na mfuko wa unga wenye visahani vitatu. Wawili, visahani vitatu, kwa hivyo walikuwa wanaazimana. Kabla ya kurusha unasema unataka kipi, mwenzako anakupa. Hawakuongea mengine. "Cha upepo." "Shika." "Cha karibu." "Shika." Lorna anasema mara nyingi jioni nzima ilipita kwa maneno hayo tu, na walirudi nyumbani wamezungumza vya kutosha.

Wasikilizaji wapendwa, mwanzoni mwa Julai Abner alianza kusikia baridi. Ilikuwa Jumapili. Sagar hakuja, mvua ilikuwa nyingi Kisii. Abner akashuka uwanjani hata hivyo, akakaa kwenye nyasi amejifunika koti la mvua, meno yanagongana.

"Leo tupa wewe," akamwambia Lorna. "Mimi nitakuwa mtazamaji, kama kaka yangu."

Lorna akatia mkono mfukoni, akatoa alichokigusa kwanza, akatupa. Kikaingia. Abner akamuuliza umetumia kipi. Lorna akasema hakutazama.

"Hakutazama na ameingiza," Abner akaiambia chai. "Na mimi nimefundisha miaka yote hii."

Walipanda nyumbani pole pole. Jumatatu hakuamka kwenda shule. Jumatano wakamfikisha hospitalini, vitanda vilikuwa vimejaa, wagonjwa wawili wawili, mnajua mwaka huu ulivyokuwa. Alhamisi akafariki, mchana, Lorna akiwa amekwenda kununua maziwa. Aliporudi kitanda kilikuwa na mtu mmoja badala ya wawili, na aliyebaki hakuwa wake. Lorna akasimama na maziwa. Akampa huyo aliyebaki.

Hakulia. Hilo ndilo watu walilolizungumza. Kwetu mke akifiwa sauti yake ndiyo inayokwenda mbele, majirani wanajua msiba kwa sauti yake. Lorna aliingia bomani anatembea kawaida, akafungua mlango, akaondoa viatu vya Abner kwenye njia ili watu wasijikwae.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kuchuna. Lorna akafunga kikapu mgongoni, akaingia chai. Mikono ilijua kazi. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Akapeleka kituoni majani yakapimwe, akapanga mstari. Karani akamwona.

"Mama Mwalimu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amefariki jana," Lorna akasema. "Pima."

Karani hakupima. Alibaki ameshika ndoano ya mizani. Wanawake kwenye mstari wakaweka mikono midomoni. Kufika jioni maneno yalikuwa yameshafika Ekerenyo: mume hajapoa, na yeye anachuna chai. Wengine wakasema hakumpenda. Wengine wakasema mengine, siyarudii redioni.

Lorna alisikia. Anasema maneno yaliingia, yakakaa, hayakufanya kazi yoyote. Kila kitu kilikuwa hivyo. Alikuwa anapewa chai, anaishika mpaka inapoa, mtu anaichukua. Anaambiwa keti, anaketi. Mama wa kanisani walimwimbia, akatazama midomo yao inavyofunguka. Akaona mmoja ana kifungo cha blauzi kimerukwa. Akataka kumwambia. Hakumwambia.

Na tangu kituoni hakuongea tena. Neno "pima" ndilo lilikuwa la mwisho. Ijumaa hakuongea. Jumamosi watu walikuwa kanisani, hakuongea. Watoto wakamwita, akawashika kichwa, hakuitika.

Jumapili wakamleta Abner. Jeneza likawekwa uani chini ya turubai, limefunguliwa juu, watu wapite wamtazame. Sagar alikuja na mama yake, Bi Indira, amevaa nyeupe kama Wahindi wanavyovaa msibani. Watu wetu wakashangaa kidogo, halafu wakampa kiti.

Kwa desturi ya boma hilo, kaka mkubwa ndiye hugawa vitu vya marehemu, na hugawa mbele ya watu wote, kabla ya jeneza kufungwa, ili kesho asitokee mtu na kusema niliahidiwa koti. Mzee Zachariah akasimama. Alikuwa amelia mpaka sauti imebaki nusu. Koti kwa huyu. Biblia kwa mtoto wa kwanza. Saa kwa mtoto wa pili. Kila kitu kikapita vizuri.

Halafu akainua mfuko wa unga, akatoa visahani, akavipanga juu ya kiti. Cheupe, chekundu, na kile kisicho na rangi.

"Hizi sahani," akasema. "Nilizicheka. Mbele yenu nilizicheka. Leo sicheki. Ziko tatu. Moja aende nayo, maana mominto, ndugu yangu huyu, hakuwahi kushuka uwanjani mikono mitupu. Moja achukue Sagar, wamecheza pamoja. Moja ibaki kwa nyumba."

Mchungaji akakohoa. "Mzee Zachariah, ndani ya sanduku hatuweki vitu."

"Mchungaji, wewe umezika wangapi na miwani yao?"

Mchungaji akatazama Biblia yake.

"Lorna," Zachariah akasema. "Ipi iende na Abner?"

Lorna alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza. Akatazama visahani.

Zachariah akasubiri, akaona aibu, akataka kumsaidia. "Kwani zina tofauti? Sahani ni sahani. Niweke hii nyeupe?"

Loo! Wasikilizaji wapendwa, alikuwa amesema kosa. Kila aliyewahi kurusha pale akafungua mdomo.

"Yaya, mzee, yaya!" Osoro akasema, yaani hapana, hapana. "Usiseme sahani ni sahani. Lakini umepatia, weka nyeupe. Hiyo ndiyo ya karibu, aliipenda."

Sagar akasimama. "Nyeupe ilimwangusha Krismasi mbele yangu. Mwalimu apewe chekundu, cha upepo. Yeye aliogopa upepo tu, kitu kingine hakuogopa."

"Upepo gani chini ya udongo, Sagar?"

"Na wewe unajua kuna nini huko, umefika?"

"Kama ni hivyo wekeni hiki kilichotafunwa na ng'ombe," mwalimu mwenzake mmoja akasema kutoka nyuma. "Kimezeeka. Tusizike kizuri."

"Unampa marehemu makombo?"

"Si makombo! Hiki hakibingiriki!"

"Atabingirika wapi naye amelala?"

Mama mmoja wa kanisani akapiga makofi. "Hata msibani mnacheza? Nyinyi wanaume hamna haya?"

Walikuwa wamesahau kulia, na wengine, nawaambia kweli, walikuwa wametabasamu, kisha wakakumbuka walipo. Bi Indira peke yake hakuwa anawatazama wanaume. Alikuwa anamtazama Lorna.

Zachariah akainama mbele ya mkeka. Akasema kwa upole, lakini akasema ili wote wasikie.

"Mke wa ndugu yangu. Nakuheshimu. Umeona mwenyewe wameshaanza kugombana, na bado hatujamfunika. Mimi sitaki vita bomani kwa sababu ya sahani. Tutaimba wimbo wa mwisho. Ukiisha tunafunga sanduku. Kama utasema, nitafanya ulivyosema, na mtu asibishe. Kama hutasema, naziweka zote tatu ndani, basi, zimekwisha. Nakuuliza tena. Ipi iende na Abner?"

Wimbo ukaanza.

Lorna alijua jambo lenyewe. Msidhani hakujua. Vikienda vyote, minyororo itabaki inalia kwa upepo na hakuna cha kuingia. Kila jioni iliyokuwa yao itakuwa imefungwa misumari. Na wengine wakimchagulia, itakuwa kama Abner hakuwa na mke wa kujua alihitaji nini. Alijua. Lakini kati ya kujua na mdomo palikuwa na umbali, na katika umbali huo hapakuwa na kitu. Si huzuni. Si hasira. Pamekauka tu, kama kiganja kilichochapwa mpaka hakisikii.

Akatazama uso wa Abner. Walikuwa wamemchana nywele upande ambao yeye hakuzoea kuchana. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akatazama nzi akitembea kwenye ukingo wa jeneza. Nzi akapita upande wa miguu. Ubeti wa pili ukaanza. Fundi wa jeneza akachukua nyundo, akaishika nyuma ya mgongo kwa adabu, watoto wasiione.

Wasikilizaji wapendwa, wakiwa bado wanaimba, niseme langu.

Kwa Lorna Mong'ina, pole mama. Pole kutoka kwetu sote hapa. Kwa watoto wake, poleni sana. Kwa Mzee Zachariah na boma lote, poleni. Kwa Sagar na Bi Indira wa Kisii mjini, mmepoteza ndugu, poleni. Kwa wanafunzi wa Mwalimu pale Ikonge, someni, kwa sababu alitaka msome. Mungu awashike. Na nyumba nyingine zote zenye malaria mwaka huu, kuanzia Nyamira mpaka Kisii, kuna nyumba nyingi, tunawakumbuka pia. Mtu akianza kutetemeka msingoje Jumatano. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Angalia mtu wako. Ana kitu anachokitumia kila siku, na hujawahi kumuuliza ni cha kazi gani. Kwa nini panga hili na si lile. Kwa nini kikombe hiki asubuhi na kile jioni. Muulize leo akiwa anaweza kujibu. Usiogope kuonekana mjinga. Atafurahi kuulizwa. Na kama mwenzako amefiwa na hujaona chozi lake, usimsemee alichonacho moyoni. Mpelekee maji, ukae.

Na mke asiyeongea, usimwite jiwe. Turudi sasa uani kwa Lorna, maana nimemwacha huko anasubiriwa.

Ubeti wa mwisho uliisha. Sauti zikashuka moja moja, ikabaki ya mzee mmoja aliyechelewa kumaliza, nayo ikaisha. Fundi akasogea na kifuniko. Zachariah akasubiri. Akasubiri zaidi ya alivyosema atasubiri. Halafu akakusanya visahani vyote vitatu pamoja, kimoja juu ya kingine, akainama juu ya jeneza.

Bi Indira akainuka kwenye kiti chake. Akaja akaketi kwenye mkeka, chini, na nguo yake nyeupe, bega lake likagusa bega la Lorna. Akanyoosha mkono wazi kumwelekea Zachariah, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Zachariah hakuelewa, lakini akampa. Akampa vyote vitatu. Bi Indira akaviweka magotini kwa Lorna, akaondoa mkono wake.

Vilikuwa na uzito. Lorna akavisikia. Akashika cha juu, hakikukunjika, akakiweka kando. Akashika cha pili, kikakunjika kidogo, akakiacha mkononi. Kidole chake kikapita kwenye kile cha mwisho, pale ng'ombe alipotafuna, kikasimama hapo.

Kaka yake Abner akamuuliza kwa mara ya tatu, sasa kwa sauti ndogo sana, ya mtu mmoja kwa mtu mmoja.

"Lorna. Ipi?"

Lorna akamnyooshea kisahani cheupe.

"Mpe cha karibu," akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku mbili. "Yeye amefika. Cha upepo ni cha Sagar. Hiki cha mteremko niachie mimi, shemeji. Nitakihitaji."